Shangazi Ndiye Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi karudi nyumbani! Asante Mungu, asante daktari, asante hata mlinzi wa getini aliyenibebea begi. Uvimbe wa shingo umetolewa wote, na si kansa. Ila sauti – hakuna. Daktari anasema uzi mmoja wa sauti umelala. Huenda ukaamka, lakini lazima atoe sauti kila siku, yoyote, hata mbaya. Asipoutumia, basi tena. Ndani ya teksi alijaribu kusema asante. Ikatoka kama karatasi inayochanwa. Dereva akageuka kutazama. Tangu hapo kafunga mdomo. Ananiita kwa kugonga kikombe na kijiko.

Jumatano, 5 Machi

Kikombe, kikombe, kikombe! Nitakivunja. Zoezi hataki. Nimebembeleza, nimenuna, nimetishia kumpigia daktari. Kageukia ukuta. Mwanamke aliyenilea kwa mdomo – kanibembeleza kwa mdomo, kanichapa kwa mdomo – leo kimya. Naogopa kweli.

Halafu wazo! Ile kanda ya zamani ya filamu yake ya mashetani – akijisikia humo, labda atataka kujaribu. Nimeipitisha kwa fundi TV nikienda kazini, aihamishie kwenye flashi. Mashati ya watu yalisubiri pasi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi TV kauliza, huyo shangazi yako kacheza nani humu? Nikamwambia: mlango. Alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

Lakini ndiyo kweli. Aliajiriwa kuwapikia waigizaji. Mwongozaji pesa zikamwishia kabla ya kutia sauti. Siku moja akamsikia mpishi wake akichekesha watu jikoni kwa kuiga sauti – paka, upepo, bawaba kavu ya mlango. Akamkalisha mbele ya maikrofoni kutwa nzima. Mlango shangazi, popo shangazi, hata ukelele wa yule mrembo wa kwenye ngazi ni shangazi!

Na filamu yenyewe, mh. Pepo ni shuka, na chini ya shuka raba zinaonekana. Mlango ukifungwa ukuta mzima unatikisika. Buibui anavutwa kwa uzi ambao hata kipofu angeuona. Na bado utotoni niliitazama nyuma ya kochi, jicho moja. Naipenda! Shuka moja na mdomo wa mtu, wakatujengea nyumba nzima ya hofu. Nashukuru walikuwa wamefulia. Wangekuwa na hela, shangazi angebaki na masufuria yake.

Ijumaa, 7 Machi

Picha ipo. Sauti hakuna. Fundi anasema ukungu umekula ukingo wa kanda, na sauti ilikaa huko. Pole yake ilikuwa ya dhati, na malipo kakataa. Nimelia juu ya shati la mteja, ikabidi nilipige pasi upya.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia shangazi ukweli. Kaonyesha TV kwa kidole: weka hivyo hivyo.

Basi alasiri hii mapazia yamefungwa, watoto watatu wa jirani wako mkekani, na mimi naandika juu ya goti. Wanacheka wee! Pepo kavaa raba! Pepo kachelewa shule! Shangazi midomo kaibana. Namjua, kaudhika. Nyumba yake inachekwa.

Upepo.

Nimetazama dirisha – limefungwa. Ni yeye! Pumzi tu, inakwaruza, inakatika, inarudi. Si ule upepo wa zamani. Huu ni mbaya zaidi – unatisha zaidi! Watoto hawacheki tena. Yule mdogo katoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, kaja kung'ang'ania mguu wangu. Nacheka na machozi yananitoka. Asante, asante, asante. Simtazami shangazi, nikimtazama ataacha.

Kaacha. Anakohoa, kashika shingo. Nilitaka kuinuka nilete maji, kaninyoshea mkono: kaa.

Kwenye TV mrembo kafika juu ya ngazi. Mkono uko kwenye kitasa. Mdogo ananong'ona – si kwa mrembo, kwa shangazi – bibi, usifunguke!

Shangazi kameza mate. Anavuta pumzi –