Kikao cha Nje ya Mlango

Jumatatu, 3 Juni 1996
Kliniki asubuhi. Chanjo, kelele za watoto, dawa ya kikohozi imekwisha tena. Mchana tukaenda Shirere kwa Roselida, mimi na akina mama watatu wa kikundi cha mradi wetu. Alijifungua mapacha mwezi uliopita. Hataki kula, hasemi, anatazama ukuta. Watoto wakilia hageuki. Mama mkwe ndiye huwapeleka kifuani. Nyumba ya mapacha bado imefungwa. Haingii mtu ambaye hakuzaa mapacha, mpaka siku ya ngoma ya kuifungua. Mama mkwe, na Mama Ayuma wa kikundi chetu, walizaa mapacha, kwa hivyo huingia. Sisi wengine hukaa nje chini ya dirisha, tunapiga soga kwa sauti ili asikie. Ndiyo dawa tuliyo nayo. Nimeona wengine wakipona hivyo, polepole.

Alhamisi, 6 Juni
Bwana Andati, mratibu wa mradi, amekataa ripoti yangu. Eti pesa za wafadhili ni za akina mama wanaokuja ukumbini, wakae kwenye viti, wahesabiwe. Kukaa nje ya nyumba ya mtu ni umbea, si huduma. Umbea! Yeye alisomea nini, viti? Wafadhili wanakuja Jumatatu kuamua kama wataendelea nasi. Anamtaka Roselida siku hiyo, mbele kabisa, mapacha mapajani. Nikamwambia hatoki. Akasema basi tusahau nauli, na uji wa watoto tuusahau.

Nimekasirika hata ugali haukushuka.

Ijumaa, 7 Juni
Nimempelekea mama mkwe habari. Ni haki yake. Hakuinua hata kichwa. "Mwambie huyo bwana, mlango ya mapacha haifunguliwangi na mtu wa gari."

Nampenda huyu mama.

Jumamosi, 8 Juni
Mshenzi yule! Amekwenda mwenyewe, mama mkwe akiwa mtoni. Akasukuma mlango, mpiga picha nyuma yake. Na ni mtu wa huku huku, anajua. Kamera ilipomulika, Roselida akapiga mayowe, akajificha chini ya kitanda. Mapacha wakabaki juu wakilia. Mama Ayuma ndiye aliyemtoa uvunguni. Ningemkuta Andati pale ningempiga kwa mwiko, kazi na ipotee.

Tangu hapo Roselida hata uji hanywi. Naogopa. Atakufa mbele ya macho yetu, na wale watoto nao.

Jumatatu, 10 Juni
Wageni wamekuja. Nyimbo, soda, viti vipya. Picha ya Roselida ukutani, mdomo wazi, chini imeandikwa "Kabla ya Mradi". Sijui studio gani iliisafisha haraka hivyo. Nikasimama mbele ya watu wote nikaibandua. Nikaeleza ilivyopigwa. Mama mmoja wa kizungu kati ya wafadhili akaandika, akaandika.

Alhamisi, 13 Juni
Wafadhili wamesikitika sana, kisha wamefunga mfuko. Andati amerudi ofisini kwake kama kawaida. Kosa lake, adhabu yetu. Hakuna nauli, hakuna uji. Mama mmoja wa kikundi ameninunia. Mwanawe alikuwa akiutegemea ule uji. Namwelewa. Lakini ile picha ningeibandua tena hata kesho.

Jumatatu, 17 Juni
Tulikwenda. Amekunywa maziwa kidogo, anasema Mama Ayuma. Hatujasikia sauti yake.

Jumapili, 23 Juni
Baada ya kanisa tulitembea kwa miguu mpaka Shirere. Yule aliyeninunia naye alikuja. Hatukuwa na mengi ya kusema. Jua lilikuwa kali, tukawa tunasogea tukifuata kivuli cha ukuta. Mara sauti ikatoka ndani, imekwaruza kwa kukaa kimya.

"Nani huyo anakanyaga kunde yangu? Hamna macho?"

Mama mkwe akajishika mdomo.

Ni mimi. Nikatoa mguu, nikamwomba msamaha dirishani. Akaendelea kunigombeza.