Chupa Mbili za Shemeji Gasper

Jumapili jioni, Agosti. Joto la Houston leo linanata mwilini, na kiyoyozi kinanguruma tu bila kuleta baridi. Nimerudi nyumbani Sharpstown kutoka kanisani Alief nikiwa na hasira, na sina haraka ya kuituliza.

Leo nimemwaibisha shemeji yangu mbele ya Watanzania wenzetu. Siombi radhi.

Shemeji Gasper, mume wa dada yangu Devota, anauza chupa za dawa ya kuongeza kwenye oili ya gari. Anasema ndani yake kuna chembechembe ndogo kuliko vumbi, na kwamba zinalinda injini. Tangu mwezi uliopita ananibembeleza nisimame baada ya misa niisifie, kwa kuwa nafanya kazi kwenye maabara ya vilainishi. "Shem, maneno mawili tu. Watu wanaku-trust wewe kuliko mimi."

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba chembechembe zenyewe si uongo. Ndiyo kazi yangu. Tunasuguanisha gololi za chuma ndani ya oili, kisha tunapima kovu linalobaki. Chembechembe zikiwa kidogo na zikichanganyika sawasawa, zinajaza mikwaruzo na kovu linapungua. Nimeliona hilo mara nyingi na bado linanifurahisha. Lakini ukizidisha zinagandana, na zikishagandana zinakwaruza kama mchanga. Kovu linakuwa kubwa kuliko la oili tupu.

Shemeji anawaambia watu waweke chupa mbili. Nao wanaweka, maana kwetu kidogo hakijawahi kutosha. Hata chai yenye sukari ya kiasi tunaiona ni ya mgonjwa.

Nilimwambia pembeni, mara ya kwanza kwa utani, ya pili bila utani. Akacheka. Nikachukua chupa yake moja, nikaichanganya na oili mpya kwenye kopo la kioo lililokuwa la jamu, nikaliacha dirishani jikoni. Baada ya siku chache tope la kijivu lilikuwa limetuama chini. Ndipo nikaelewa kwa nini kila akiishika chupa mbele ya watu anaitikisa kwanza.

Injini iliyolala kwenye maegesho usiku kucha, nani anaitikisa?

Leo baada ya misa akasimama kwenye ukumbi wa kanisa, akaitikisa chupa, akasema, "Sasa dada yetu wa maabara atathibitisha." Nilishamkatalia, lakini alidhani mbele ya watu nitaona haya. Ukumbi ulijaa manesi wanaoendesha mwendo mrefu kwenda zamu, ambao bila gari hawana kazi. Nikatoa kopo langu, ambalo nilikuja nalo limefungwa mkanda kwenye kiti cha pembeni cha gari lisitikisike. Nikaliweka mezani, nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa.

Shemeji akatoka nje. Devota hakunitazama. Mzee mmoja akaninong'oneza kwamba mambo ya familia humalizwa nyumbani. Nyumbani yalishafika, mzee wangu, hayakusikilizwa.

Najua wataniita mjuaji. Mwanamke, mdogo, tena hana mume, amemkatisha mume wa mtu maneno. Waseme. Alichotaka kuuza Gasper ni jina langu, na jina hilo nililitafuta kwa kusoma huku nikisafisha ofisi za watu. Halitabandikwa kwenye chupa ya tope.

Ila Devota ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Akininunia nitaumia sana, na nimekaa hapa tangu saa kumi nikitazama simu.

Ujumbe wake umeingia nikiwa naandika. Hauna hata salamu. "Mimi niliweka mbili wiki iliyopita. Nifanyeje?"

Nimemjibu asiliwashe gari. Kesho asubuhi nitakwenda kwake na oili na filta mpya, na kazini nitampeleka mimi.

Radhi bado siombi. Wala yeye hajaniambia niombe.