Ndimu za Dada Zuwena

Dada Zuwena,

Fatiha nimekusomea asubuhi kaburini, kwa hiyo salamu nadhani zimeshafika. Barua hii ni ya mambo mengine. Kuna jambo nimelifanya bila ruhusa yako. Katika kazi yangu ya utangazaji, mtu anayetajwa kwenye habari hupewa nafasi ya kujibu kabla haijatoka. Wewe siwezi kukupigia simu, basi nakuandikia.

Mwaka umetimia Alhamisi iliyopita. Mwanao Rukia amepaka ukumbi rangi ya kijani, ile uliyosema ni ya msikitini. Paka wako kahamia kwa jirani, Bi Mwanaidi, na amenenepa. Uani, kwenye kile kibaraza cha saruji ulichokuwa ukianikia chupa za ndimu, alama zake bado zipo, duara nyeupe sita. Rukia amezisugua mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia aziache.

Unakumbuka siku tuliyopimwa presha? Wauguzi walikuja ofisini kwetu Mji Mkongwe kupima wafanyakazi, na wewe ulikuwa umeniletea bakuli langu la chakula nililolisahau. Muuguzi alikuona mlangoni akakuita, "Na wewe Bi, njoo ukae." Ukamjibu, "Mie siumwi, mwanangu, nimeleta mchuzi." Ulikaa hata hivyo. Yako ilikuwa mia na thelathini na nane kwa themanini na nane. Yangu ilipishana na yako kwa namba moja. "Imepanda kidogo," alisema, akatupa karatasi moja ya kusoma wote wawili: punguza chumvi, punguza mafuta, kula mboga na matunda, tembea.

Tulitembea mpaka Darajani siku hiyo hiyo, nawe ukacheka njia nzima. "Hata presha tumegawana sawa kwa sawa, we Mwandishi." Hukuwahi kuniita Hamadi tangu nilipoanza kazi redioni. Sokoni ulinunua ndimu.

Neno "kidogo" nilifundishwa kazini kulifuta kila nilipolikuta. Kidogo kiasi gani? Kwa muda gani? Kikikaa hapo miaka kinafanya nini? Siku ile nililiacha lipite, kwa sababu lilikuwa zuri kulisikia.

Wewe ulilichukua agizo la chumvi kwa moyo wote. Ulilishika lile kopo la maziwa ya unga ulilokuwa ukiwekea chumvi, ukapanda kigoda, ukaliweka juu kabisa ya kabati la jikoni. Rukia alinung'unika kwamba wali umekuwa wa hospitali. Nakusikia mpaka leo: "Anayetaka chumvi akachote baharini, Funguni si mbali."

Lakini katikati ya sinia kilibaki kile kisahani cha achari.

Naiandika kwa ukamilifu, kama nilivyoiona mara nyingi. Ndimu za ngozi nyembamba, zinakatwa vipande vinne bila kuachana. Chumvi ya mawe inashindiliwa ndani kwa vidole mpaka ndimu inashindwa kufumba. Pilipili, manjano kidogo, chupa ya mdomo mpana, kitambaa cha kanga juu, kisha jua la wiki mbili au tatu mpaka zinalainika na kuwa rangi ya kahawa. Niliwahi kukuuliza kwa mzaha, na hiyo chumvi je? Ulinijibu bila kuinua uso, "Chumvi ishakufa mle. Jua limeiua."

Hukuwa peke yako. Mtaa mzima wa kwetu Jang'ombe unaamini kuwa ukali unashusha presha. Ndimu ni kali, na ndimu ya achari ni kali kuliko zote, kwa hiyo kwenu ile ilikuwa dawa. Ulikula moja mchana na moja usiku, na siku kichwa kikikuuma ulikula mbili pamoja. Kila aliyerudi kituo cha afya akiwa ameambiwa presha imepanda, jioni alibishiwa hodi na chupa yako.

Nilipotengeneza kile kipindi cha presha, mlikisikiliza wewe na Bi Mwanaidi, redio katikati yenu. Nilisema watu wapunguze chumvi mezani. Ulinipigia simu kabla sijatoka studio. "Mwandishi, leo umesema kweli. Mie mezani sina." Nilifurahi. Sifa zako zilikuwa adimu.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mwaka wa pili nilikupeleka mimi kituo cha afya. Muuguzi ni yule yule. Akapima, presha ipo pale pale, imezidi kwa namba mbili tatu. Akakuuliza, "Bi, chumvi unatumia?" Ukamjibu ukweli mtupu: "Kopo nshalipandisha juu ya kabati, mwanangu, huu mwaka wa pili." Akaandika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni. Kazi yangu yote, Dada, ni swali la pili. La kwanza hata mpita njia anaweza kuliuliza. Nimewauliza wakubwa swali la pili wakaniondoa ofisini mwao. Siku ile sikuuliza. Mchana nilikuwa nimekula kwako wali na samaki changu wa kukaanga na ndimu tatu, na harufu yake ilikuwa bado vidoleni. Sidai kuwa nilijua. Nilikuwa na ya kutosha kuuliza, lakini jibu sikulitaka, maana jibu lingekiondoa kile kisahani kwenye sinia.

Jumatatu ile asubuhi, mwaka jana, ulikaa uani kukuna nazi, mkono ukakulegea. Siku ya nne ukaondoka. Daktari alisema kiharusi. Nilimuuliza kuhusu chakula, akasema mambo mengi huungana, umri, urithi, chakula, na hakuna anayeweza kulipima moja peke yake akasema ni hili. Nimeandika alivyosema. Siongezi.

Siku ya arobaini yako, Bi Mwanaidi alisimama mbele ya wanawake akasema, "Zuwena alitupa dawa bure. Haitokatika, inshallah." Na haikukatika. Alichukua kisu chako na chupa zako, akawa anatengeneza kila mwezi na kugawa uchochoro mzima, sadaka kwa jina lako. Kila anayepokea hukuombea. Nilimsikia mzee mmoja akikutaja baada ya sala, mtu ambaye ulipokuwa hai mlikuwa hamsalimiani.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kupimwa. Muuguzi sasa anavaa miwani. "Mzee, chumvi unatumia?" Nilisikia jibu lako likitoka kinywani mwangu: "Kopo liko juu ya kabati." Aliinamisha kichwa aandike. Nikamwambia asubiri. Nikamweleza ndimu zako tangu kisu mpaka kanga, na hilo la jua kuiua chumvi nikamwambia pia. Aliweka kalamu chini.

"Mzee, hiyo si ndimu yenye chumvi. Hiyo ni chumvi yenye ndimu. Haijafa, imehamia ndani tu."

"Na ukali?"

"Ukali hauna kosa. Kamulia ndimu mbichi kwenye chakula, utapata ladha bila chumvi. Ila usiiite dawa."

Siku tatu nilizunguka na maneno hayo. Nikimwambia Bi Mwanaidi, namwambia kwamba wewe ulikosea, na ninakata sadaka inayokufikia huko uliko. Nikinyamaza, yeye anaendelea kula mbili kwa siku, na anawalisha majirani wenye presha, kwa mkono wake na jina lako. Presha yake yeye si ya kidogo tena. Nimemkuta mara mbili ameshika ukuta.

Nilikwenda Ijumaa baada ya alasiri. Alikuwa uani kwake, beseni la ndimu mbele yake, mfuko wa chumvi ubavuni.

"Karibu, Mwandishi. Chupa yako ile pale, chukua."

Nilimwambia kama ninavyosoma taarifa, maana njia nyingine siijui. Alikata ndimu mbili zaidi kabla ya kujibu.

"Unamsema marehemu? Aliyekulea?"

"Namsema, Bi Mwanaidi."

"Na mlaji mkubwa alikuwa nani? Si wewe? Ukilamba vidole hapa kama mtoto. Leo ndiyo umejua?"

Nilimwambia kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kiti pale kituo cha afya, na nilipaswa kuuliza. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa chumvi. Kisha akautoa mtupu, akaukung'uta kwenye kanga.

"Mara ya mwisho kuniletea habari mbaya ilikuwa ya kifo chake. Na ile nilikukatalia. Ikawa kweli." Akalitazama beseni. "Sasa sadaka ya Zuwena ndiyo basi?"

Nikamsimulia kisa cha matembele. Hakuwa akikijua, yeye aliolewa huku kutoka Tumbatu sisi tukiwa wakubwa tayari. Nilimweleza miaka ile madukani hamna kitu, Mama yuko shamba, wewe una miaka kumi na tatu na mimi sita. Ulichuma matembele nyuma ya nyumba, ukayapika kwa nazi bila chembe ya chumvi, kwa kuwa haikuwepo. Mimi nikakataa kula. Ukachoma pilipili moja kwenye makaa, ukaisaga, ukakamua ndimu mbichi juu yake, ukaniambia, "Fumba macho, kisha nambie kama hujaionja chumvi." Nilifumba. Niliionja. Mpaka leo sijui uliifanyaje, na nimefanya kazi ya kutoamini vitu kwa miaka thelathini.

Bi Mwanaidi alicheka, kisha akajifuta macho. "Fumba macho, kisha nambie. Hapo nimemsikia mwenyewe."

Aliyapika jioni ile ile. Nilimtazama akionja, macho kafumba, anatafuna taratibu kama hakimu.

"Haina chumvi," alisema.

Akachota tena.

"Lakini inalika."

Kwa hiyo hali ilivyo ni hii. Kila Ijumaa anagawa ndimu mbichi, tatu tatu, na pilipili moja iliyochomwa, na kwenye kila mlango anasema ni za Zuwena na hakosi kusema namna ya kuzila. Haziiti dawa tena, anaziita kitoweo. Si wote waliopokea vizuri. Mmoja alimuuliza kama chumvi imepanda bei. Wengine chupa zao za zamani bado wanazo na sina shaka wanazila. Wanaokuombea hawajapungua, nimesikiliza kwa makini. Bi Mwanaidi mwenyewe nilimpeleka kupimwa Jumanne. Majibu ni yake, siyaandiki. Muuguzi alipomuuliza kuhusu chumvi, alinitazama mimi kwanza, kisha akaeleza yote bila kuulizwa mara ya pili.

Imebaki chupa moja, ya mwisho uliyoitengeneza mwenyewe, ile yenye kipande cha kanga yako ya zambarau mdomoni. Nilikuwa nayo kwangu tangu msiba. Juzi niliifungua. Harufu ilitoka yote, uani kwako, jua la saa nane, wewe na kisu na redio. Nilikuwa na wali mbele yangu. Sikula. Ningependa kuandika kwamba haikuwa kazi.

Jana nilikwenda kwa Rukia, nikapanda kile kigoda chako. Kopo la chumvi bado liko juu ya kabati ulipoliweka, limeshika vumbi. Nimeiweka chupa ubavuni mwake, nikageuza kanga yako ielekee mlangoni. Hapo ndipo mahali pake. Achari ilipaswa kuwa hapo tangu siku ile ulipolipandisha kopo, na aliyepaswa kuipandisha ni mimi.

Kama una la kujibu, nitakusikia siku tutakayokutana, nawe utanikata maneno kama kawaida. Mpaka hapo, Mola akufanyie wepesi na akupe kivuli kizuri. Ijumaa nitakuja na maji ya kumwagia na majani ya mrehani. Nakuahidi, Dada: swali la pili nitaliuliza, hata siku nikiwa nimeshiba.

Mdogo wako,
Hamadi