Jenereta ya Mkwe Wangu Inanguruma Jikoni

Machi 4, mwaka wa thelathini na mmoja tangu nitoke kwetu.

Mshauri wangu, nisaidie, na unisamehe mwandiko, nina hasira. Naishi kwa binti yangu, na mumewe ananiita Baba, hanikosei adabu, ndiyo maana kumkaripia mkwe ndani ya nyumba yake naona ni kuvunja heshima, lakini amenunua jenereta ya petroli, akaogopa wezi, akaifunga kwa mnyororo kwenye dirisha la jikoni, kwa ndani, na umeme ukikatika anaiwasha hapohapo! Kule kwetu niliendesha mitambo ya kusukuma maji miaka kumi na tisa, nikamwambia kwa upole kwamba injini hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, akacheka: "Baba, hiyo ni mitambo ya enzi zenu. Hii ya kisasa haitoi hata moshi." Jumapili mchana mvua ikanyesha, umeme ukakatika, akaiwasha, wakafunga dirisha maji yasiingie, na haikupita saa moja mjukuu wangu wa miaka sita akashika kichwa, akatapika, akalegea mikononi mwangu kama nguo mbichi. Nikazima mashine, nikambeba nje, akazinduka. Unajua binti yangu alisema nini? "Baba, umemwaibisha mume wangu mbele ya wageni. Mwombe radhi." Wageni waliokuja kutazama mpira! Na jana imewashwa tena palepale. Niombe radhi? Nihame? Nihamie wapi? Nyumba yangu ya kule ilishabomolewa, na walionijua wametawanyika. Kwetu sitarudi.

Babu Pampu

JIBU

Babu Pampu,

Radhi ya nini? Mtoto anazimia, watu wanahesabu magoli! Huombi radhi na huhami. Mpeleke mjukuu kwa daktari leo, umweleze kuhusu jenereta. Ila na wewe nina ugomvi: fundi mzima unaona injini jikoni, unasema kwa upole? Jana ilipowashwa tena, heshima yako ya ukwe ilimlinda nani?

Sasa mpe mkweo gazeti hili. Bwana mwenye nyumba, jenereta hukaa nje, hatua kumi au zaidi kutoka milango na madirisha, bomba lake la moshi lisielekee watu. Kufungua dirisha hakutoshi. Unaogopa wezi? Mwite fundi wa kuchomelea akutengenezee kizimba cha nondo, bati juu, pande zote wazi, na mnyororo wako ufunge huko. Usichomeke umeme wake kwenye soketi ya ukutani, utarudi kwenye nyaya za mtaani umuue fundi aliye juu ya nguzo. Mwite fundi umeme aweke swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa mtaani na wa jenereta. Jumlisha wati za vyombo vyako uache ziada kubwa, maana friji likianza kuwaka hudai mara kadhaa ya wati zake za kawaida. Zima, subiri ipoe, ndipo ujaze petroli. Kukagua oili na kusafisha kichujio cha hewa mwachie mzee, hiyo ni kazi yake tangu hujazaliwa. Na wewe, binti, mwombe baba yako radhi.

Babu, mpaka kizimba kikamilike, injini ikiwa imepoa, fungua plagi yake ya cheche, ambayo bila hiyo haiwaki, uitie mfukoni. Wakiidai, sema nimekutuma mimi. Watakaa gizani wakikununia, na asubuhi wataamka wote.