Mtu wa Tano kwenye Jeneza

Mjukuu wangu Somoe,

Salamu nyingi zikufikie huko Dodoma. Sisi wazima. Mama yako amerudi kazini Madimba, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Hadithi unayoiandika nimeisoma mpaka ulipofikia. Unauliza kwa nini namtetea yule mkuu wa wafanyabiashara aliyefunga lango la mji mazimwi wasiingie, akawatia watu njaa, wakati kila msomaji atamchukia, na wewe unataka kumuua mwishoni.

Nilipokuwa kijana Mikindani kiliingia kipindupindu. Mwenyekiti wa wenye maduka akafunga soko la samaki. Watu walilala njaa, wakamtukana yeye na kizazi chake. Lakini mtaani kwetu hatukuzika mtu.

Yeye alifariki baadaye, kwa maradhi mengine. Unajua kwetu jeneza haligandi begani, watu huligombania, huyu anampokea yule. Siku ile tulilibeba wanne, wanawe watatu na mimi jirani yao. Wanaume walikuwa vibarazani, wanatutazama. Hakuna aliyetupokea mpaka makaburini.

Basi muue, hadithi ni yako. Ila siku ya kumzika, mjukuu wangu, mwandikie mtu wa tano.

Babu yako