Nimepata Maski, Akinyi Hana

Osiri,
Alhamisi jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu na mikono bado ina vumbi, utaona hata karatasi imechafuka pembeni. Uko aje? Mguu umeacha kuvimba? Baba anakula vizuri? Huku tuko, Mungu anatushikilia, mimi na mtoto, Akinyi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga unasikiliza kifua changu, husikilizi maneno. Nikikohoa mara moja tu unaanza kulia, na mimi nalia, tunakata simu kabla hatujaongea. Barua haikohoi. Nitampa yule mama anayetuletea dagaa wa omena kutoka Sindo, anarudi huko kesho.

Basi kifua. Unajua kazi yetu. Tunaketi chini, jiwe la dhahabu unalizungushia kipande cha mpira wa tairi lisiruke, unaligonga na nyundo mpaka linakuwa kokoto, halafu mashine inalisaga. Mashine iko karibu na sisi, na ule unga wote unatujia. Tulikuwa tunajifunga leso puani tukidhani tumejikinga. Sista wa zahanati ndiye alinifungua macho. Aliniambia, "Leso inazuia mchanga. Hii vumbi ya mawe ni laini kuliko unga wa ugali, inaingia kwa mapafu na haitoki tena. Tafuta maski yenye filta za kubadilisha, ama uache hii kazi." Kuacha siwezi bado, Mama. Baba Akinyi yuko Karungu na siku hizi ziwa halimpi kitu, unajua. Nikaamua ni maski.

Nilienda Migori, kwa duka linalouza helmeti na gambuti. Mwenye duka, mzee mmoja wa miwani, akanipangia tatu kwa meza. Ya kwanza ilikuwa ya kitambaa, zambarau, ina kamfuko ka kutia karatasi ya kuchuja. Niliipenda sana. Mzee akasema, "Hiyo ni ya kwenda kanisani." Ya pili nyeupe, nyepesi, inakaa vizuri, lakini filta zake zinaagizwa Nairobi. "Zikiisha unabaki na pambo," akasema. Ya tatu ni ya mpira, nzito, mbaya, ina vikopo viwili huku na huku. Filta zake anazo kila siku. Nikachukua hiyo mbaya. Akaniambia niivae, nizibe vikopo na viganja, nivute pumzi. Nikavuta, hewa ikaingia chini ya kidevu. "Hapana, hiyo ni ya uso wa mwanaume. Jaribu ndogo." Hiyo ndogo ikanishika uso mpaka nikaogopa.

Lakini mikanda ilikuwa inateleza kwa rasta zangu, kwa hivyo nimenyoa kichwa chote. Ukiniona usishtuke, hakuna msiba.

Siku ya kwanza kazini walinicheka, wueh! Min Vicky, yule mama Vicky jirani yangu wa kuponda mawe, alipiga kelele watu wote wakageuka: "Min Akinyi, nani amekufunga mdomo kama ndama anayeachishwa ziwa?" Mwingine akasema niachwe, naenda mwezini, nitawaletea dhahabu ya huko. Nilijibu lakini nani atasikia ukiwa ndani ya mpira? Saa ya kula nikaivua. Min Vicky akaniangalia, akasogea karibu. Uso wangu ulikuwa mweupe wa vumbi kama mtu amepakwa majivu, isipokuwa hapa puani na mdomoni, hapo nilikuwa mimi. Akauliza polepole, "Hiyo duka iko wapi?"

Halafu nikafanya ujinga. Wewe umetulea kwamba kitu kikichafuka kinaoshwa. Filta zikawa nyeusi, nikaziloweka na sabuni ya unga, nikasugua, nikaanika kwa kamba pamoja na nguo za Akinyi. Zikakauka vizuri, nikajisifu. Wiki mbili nilivaa hivyo, na kikohozi kikarudi kikali kuliko kwanza. Nilipoifungua maski nikakuta vumbi ndani, pale pua inakaa. Nikarudi kwa mzee. Aligeuza zile filta mkononi akasema, "Mama, hizi umezipikia supu?" Kumbe unaosha mpira tu, filta haziguswi na maji, zikizibika unatupa unaweka zingine. Na mimi nilikuwa nimemfundisha Min Vicky kuosha zake! Nilimwambia ukweli, akanitukana, tukacheka, tukabadilisha.

Sasa nalala usiku bila kuamka niketi nikikohoa, Mama. Ningetaka niishie hapo.

Akinyi ameanza kukohoa. Si mafua, ni kile kikavu, kama changu. Nilimpeleka kwa sista. Akasikiliza mgongo, akauliza, "Ukifanya kazi mtoto anakaa wapi?" Nikasema hapo karibu, chini ya turubai. Akauliza, "Na yeye anavaa nini?" Nilipoenda kununua filta nikamwomba yule mzee ya mtoto, hata ndogo kabisa. Alianza kucheka, akaona ninamaanisha, akavua miwani. "Ya mtoto hakuna, mama. Mtoto anatolewa kwa vumbi."

Ulipokuja Krismasi uliniomba umchukue, nikakujibu vibaya, nikasema mtoto wangu nitamlea mwenyewe. Nisamehe. Jumapili, baada ya Sabato, ninamleta.

Anakula uji wa mtama lakini usitie ndimu sana, anatema. Akisema "bu" anataka maji. Mchana hanyonyi tena, ila usiku bado ananitafuta. Mpe kidole chako ashike, atalia kidogo, atalala. Nitakuja kila mwisho wa mwezi, nikiwa nimeoga na nguo safi. Mambo yakinikubali mwaka huu, nitarudi Sindo niuze nguo za watoto pale sokoni, na tutakaa naye pamoja. Hiyo naiamini kabisa.

Nisalimie Baba. Nisalimie shangazi Rose wa chapati, na ndugu yangu Okoth, umwambie asome hiyo ufundi ya umeme kwa bidii asije akanifuata huku kwa mashimo. Na dada Apiyo amwandalie Akinyi mahali pa kulala karibu na wewe.

Mama, siku hiyo usitoke nyumbani. Ukituona tunakuja usinisalimie mimi kwanza. Mchukue mtoto mikononi kwangu haraka, kabla sijabadilisha nia.

Mimi binti yako anayekupenda,
Adhiambo, mama Akinyi