Themostati Niliyosema Imefungwa

Tata, baba yangu mpenzi,

Ninakuandikia nikiwa ndani ya pikapu yako, kwenye kiti cha kushoto. Hicho chako sijaweza kukikalia. Mvua imekatika sasa hivi, lakini ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na nyumba ya jirani haionekani. Kuna jambo nililokuficha kwa zaidi ya mwaka, ukaondoka hulijui, na leo asubuhi limenitoka mbele ya mama. Nimeona si haki yeye alijue, wewe usilijue.

Unakumbuka siku uliyoniita jikoni nikiwa kidato cha pili? Ulikuwa umechukua sufuria ya mama ya maharage bila ruhusa, umeijaza maji, na umeining'iniza themostati humo kwa uzi isiguse chini. Kando yake uliweka kipima joto ulichoazima kwa mwalimu wangu wa sayansi. Themostati yenyewe ilikuwa kitu kidogo cha shaba, kinaenea kiganjani, kina springi na kifuniko katikati. Ulinieleza kwamba injini ikiwa baridi kile kifuniko hujifunga ili maji yakae ndani yapate joto, na injini ikishapata joto lake hufunguka, maji yakaenda kupoa kwenye rejeta. Yalipofika digrii themanini na mbili, kikaanza kuachia polepole, nikapiga kelele kama niliyeona mdudu.

"Umeona?" ulisema. "Gari ya milimani inataka hii. Ikigoma kufunguka, injini inaungua. Ukiitoa kabisa, injini inakaa baridi siku zote, na mshale wa joto haukwambii kitu tena."

Mama akaingia akaiona sufuria yake, ukakimbilia nje ukicheka.

Kwa hiyo nilikuwa nalijua jambo hilo. Nataka ulielewe hilo kwanza. Sikufanya kwa kutokujua.

Themostati hiyo ilikufa mwaka juzi, mvua zilipoanza. Gari likawa linachemsha kila ukipanda kutoka mtoni. Mshale unakwenda kwenye nyekundu, unasimama pembeni, unasubiri. Fundi Lusajo pale Tukuyu akakwambia aitoe tu, kama wenzako wote wanavyofanya. Ulikataa. Duka moja la spea likakupa ya digrii themanini na nane, ukairudisha. "Hii inachelewa kufunguka," ulimwambia muuzaji, "na mlima wetu hauisubiri." Nyingine ilikuwa ya themanini na mbili lakini mduara wake mdogo, inacheza kwenye kiti chake, pale inapokaa kwenye injini. Ukaamua kwenda Mbeya kuitafuta iliyo sahihi, ukaniachia gari na maneno mawili: lisitoke nyumbani.

Baba, Jumamosi hiyo kulikuwa na sherehe ya kumuaga mwalimu mwenzangu anayeolewa. Nilikuwa nimeahidi kubeba viti na turubai. Ni hayo tu. Hakukuwa na mgonjwa wala msiba. Nilikuwa nimetamka mbele ya walimu wote wa shule yetu ya Kyimo kwamba gari la kwetu lipo, na niliona aibu kurudi nyuma.

Nililipeleka kwa Lusajo. Aliitoa themostati kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. "Sasa utapanda mpaka juu ya Rungwe," alisema, "mshale hutauona ukiamka." Na kweli haukuamka. Nilibeba viti, nilicheza, nilirudi.

Ulirudi Jumapili mchana, viatu vimejaa matope, mikono mitupu. Ulikuwa umezunguka maduka ya Mbeya siku mbili bila kuipata. Nilikuonea huruma, tata, na ndani ya huruma hiyo uongo ukapita kirahisi sana.

"Usihangaike," nikasema. "Lusajo ameipata. Ameshaifunga."

"Ya themanini na mbili?"

"Ndiyo."

Ulinishika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtoto wa kipaimara, ukanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo."

Tangu siku hiyo sikuwa na amani kila ulipowasha gari. Asubuhi lilitoa moshi mweupe kwa muda mrefu. Mshale ulilala chini kabisa, tukienda sokoni Mpuguso umelala, tukirudi na mzigo umelala. Ulikuwa unaugonga kwa kidole kwenye kioo.

"Tumpe, mwanangu, hii themostati yako mbona hailipi gari joto?"

"Lusajo anasema hizi mpya ndivyo zilivyo."

"Mpya zipi hizo?" Ukaugonga tena. "Nitaifungua niione mwenyewe, tukimaliza kuchuma chai."

Kila jioni nilihesabu mistari ya chai iliyobaki shambani. Nilijiambia nitakueleza kabla hujaifungua. Lusajo naye akahamia Tunduma, kwa hiyo hapa kwetu nilibaki mimi peke yangu ninayejua.

Chai ilibaki mistari sita siku walipokuja kutuita kwa jirani yetu, Bibi Atupele, tumpeleke hospitali. Kifua kilikuwa kimembana, midomo imekuwa ya kijivu. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, mkwewe akamshika kichwa, nami nikakaa kushoto kwako. Ilikuwa saa sita mchana lakini ukungu ulikuwa mzito kama huu wa leo, ukawasha taa. Katikati ya kile kilima kirefu cha kutoka mtoni nikaanza kusikia harufu, tamu na ya kuungua, kama sukari iliyomwagikia jikoni. Injini ikaanza kugonga. Nikatazama mshale. Umelala chini, pale pale.

Wewe nawe uliutazama.

"Si joto hili," ulisema. "Joto lipo chini. Labda ni mkanda."

Gari likazima. Ukalishika kwa breki ya mkono, mkwe wa Bibi Atupele akaruka chini kuweka mawe kwenye matairi. Ulifungua boneti. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa na ufa mwembamba, maji yalikuwa yamevuja njiani muda mrefu tusijue, na machache yaliyobaki yalikuwa yanachemka ndani. Kipimo cha joto kilikuwa kimebaki kwenye hewa, hakigusi maji, hakina cha kupima. Kama ingekuwapo themostati, mshale ungekuwa umezoea kukaa katikati. Siku ukianguka ghafla, wewe ungeshtuka na kusimama. Lakini nilikuzoesha mshale uliokufa, mwezi hadi mwezi.

Bibi Atupele alikuwa anavuta pumzi kwa sauti ya msumeno. Ulikuwa na haraka ya kuongeza maji, na mshale ulikuwa umekwambia hakuna joto. Ulichukua kitambaa chekundu cha kufutia kioo ukakiweka juu ya mfuniko wa rejeta.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako. Nilijua kwamba mshale haukuwa na ukweli wowote. Sentensi moja ingetosha: baba, usifungue, themostati haimo. Nilifungua kinywa. Nikafikiria uso wako utakavyokuwa ukisikia. Muda wote niliokuwa nao niliutumia kwa fikra hiyo.

Uliuzungusha mfuniko.

Siwezi kukuandikia mvuke ule. Ulikupata wewe, wewe unaujua. Nakumbuka kwamba hukupiga kelele. Ulirudi nyuma ukakaa barabarani, mikono imenyooshwa mbele kama mtu anayetafuta ukuta gizani, ukauliza, "Bibi anapumua?" Lori la majani ya chai likatokea kwenye ukungu likawabeba nyote wawili mpaka hospitali ya Tukuyu. Bibi Atupele alitoka baada ya siku tatu. Wewe ulikaa wiki saba.

Siku ya nne nilikuwa nakulisha uji. Bandeji zilikufunika uso mpaka puani. Ulisimamisha kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Tumpe. Ile themostati. Uliiangalia mwenyewe ilivyoandikwa?"

Nesi alikuwa anapita na toroli ya dawa. Nilisubiri apite. Hata alipopita, nikasema, "Niliiangalia, baba. Themanini na mbili."

"Basi ni uzembe wangu," ulisema. "Miaka thelathini kwenye usukani, nimefungua rejeta ya moto kama mtoto." Ukafungua kinywa, nikakuwekea uji.

Jicho la kulia halikurudi, na vidole viwili vilikauka. Lakini hayo si makubwa kuliko yaliyofuata. Ulisimama kanisani ukamwomba Bibi Atupele msamaha mbele ya watu, yeye akalia akisema ndaga tata, wewe ndiye uliyeniokoa. Ulimkabidhi mama funguo. Ulisema umezeeka, hufai tena kuaminiwa na roho za watu. Mama akakubali kwa sauti kubwa, siku baada ya siku: "Nilikwambia akili imechoka. Ungetuulia watu." Ulikaa barazani jicho moja limefunguka, ukisikiliza magari ya barabarani, na safari moja nilikusikia ukisema peke yako, "Lakini mshale ulikuwa chini." Nilikuwa mlangoni na kikombe chako. Nilirudi nacho jikoni.

Kifua kilikuchukua mwezi wa sita, kwenye baridi kali. Hukuuliza tena.

Wiki iliyopita mama alisema gari lisiozee, litengenezwe, tulitumie. Fundi mpya aliniambia, "Themostati ya nini, dada? Acha hivi hivi, lipoe." Nilikwenda dukani, nikachukua mbili za themanini na mbili. Nilipima mduara kwa kipande cha bati nilichokata kwa kipimo cha kiti chake, nikaangalia kitundu cha kutolea hewa, nikaangalia springi. Muuzaji alisema zote ni zile zile, nisijisumbue. Moja ilikuwa inang'aa kuliko mwenzake, boksi lake zuri, imeandikwa vizuri kabisa.

Leo asubuhi nikazichemsha. Ile isiyong'aa ilianza kuachia kwenye themanini na mbili, ikafunguka yote taratibu. Ile nzuri haikufunguka. Maji yalifika kuchemka, yakarukaruka, sufuria ikatikisika, nayo imekaza mdomo. Nilisimama naitazama muda mrefu. Nilimwona akilini mtu aliyeinunua bila kuichemsha, yupo kwenye kilima na watu nyuma.

Mama akaingia na ungo wa maharage.

"Unachemsha vyuma?"

"Themostati, mama. Naipima kabla haijafungwa."

"Si uliweka mpya juzi juzi tu? Marehemu alikusifu mwezi mzima. Imekufa nayo?"

Nilizima jiko. Nikamwambia yote: viti, turubai, ndoo ya Lusajo, Mbeya, mistari ya chai, kilima, uji. Sikulia, nilisema kama ninayesoma majina darasani. Alikaa kwenye kigoda akiendelea kumenya maharage, ganda baada ya ganda, mpaka nilipofika kwenye themanini na mbili ya hospitali. Hapo mikono ikasimama.

"Kwa hiyo hakukosea," alisema.

"Hakukosea, mama."

"Nilimwita kipofu wa akili." Alikuwa ananitazama lakini hanioni mimi. "Siku ile ya mwisho, kabla hajalala, aliomba nimpeleke akaguse gari tu. Nikamwambia, uguse ukaue nani? Tumpe, hayo ndiyo maneno niliyompa aondoke nayo."

Sikuwa nimelifikiria hilo, baba. Mwaka mzima nilidhani mzigo ni wangu na ni mimi tu nitakayeubeba siku nikiufungua. Nilimtwisha mama kwa mikono yangu, na yeye hakuwa na kosa lolote ila kuniamini.

Ameinuka, ameacha ungo sakafuni, ametoka bila khanga ya kichwani. Nilimfuata, akanyoosha mkono nyuma kunizuia bila kugeuka. Ndipo nikaja kukaa humu. Kupitia kioo namwona kwenye migomba, amepiga magoti kwenye udongo wa kaburi lako ambao bado haujashuka vizuri, umande umemlowesha mgongo. Anaongea nawe. Ni saa nzima sasa, na bado anaongea, na hapa maneno hayanifikii.

Sijui anakuomba nini. Lolote analoliomba, tata, mpe. Mimi siombi msamaha leo. Nitasubiri mpaka ainuke, na akigeuka nitaona kama bado anaweza kunitazama.

Lala, baba. Hukukosea.

Binti yako,
Tumpe